MWILI UKIMBIAO NA MWILI UCHEZAO: UHAKIKI WA VIDEO FUPI ZA NGOMA NA MAPOZI KAPTAGAT

UTANGULIZI

Kaptagat ni mahali palipozoea kutazamwa. Eneo hili lililoko kusini-mashariki mwa mji wa Eldoret, katika mwinuko unaokaribia mita 2,400 kutoka usawa wa bahari, limepata sifa duniani kwa sababu moja kuu, nayo ni mbio. Katika kambi ya mkufunzi Patrick Sang, ambaye alitwaa nishani ya fedha katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji mjini Barcelona mwaka 1992, wamelelewa Eliud Kipchoge na Faith Kipyegon. Wapigapicha wa nchi nyingi wamefika huko kuwanasa wakimbiaji wakipita alfajiri katika barabara za udongo mwekundu, na filamu ya hali halisi ihusuyo maisha ya Kipchoge, iliyoongozwa na Jake Scott na kutolewa mwaka 2021, iliyaweka maisha hayo mbele ya ulimwengu mzima.

Mchana, wakimbiaji wanapopumzika, barabara hizo hizo na ukingo wa msitu ule ule hupata matumizi mengine. Simu husimamishwa juu ya jiwe au huegemezwa kwenye nguzo ya ua. Msichana au kijana wa kiume hurudi nyuma hatua chache, hungoja pigo la wimbo, kisha hucheza kwa nukta 15 au 30 huku akiikazia macho simu hiyo. Baadaye video hupelekwa TikTok au kwingineko katika mitandao ya kijamii. Hali hii si ya Kaptagat peke yake. Ripoti ya mwaka 2023 ya Taasisi ya Reuters ya Oxford iliiweka Kenya mbele ya nchi zote zilizochunguzwa kwa matumizi ya TikTok, ambapo asilimia 54 ya waliohojiwa walisema kwamba huitumia. Hata hivyo, Kaptagat inafaa kuchunguzwa kwa sababu ndipo mahali ambapo kamera mbili hukutana barabarani: ile ifuatayo mwili ukimbiao na ile iwekwayo mbele ya mwili uchezao.

Kamera hizo mbili hazipimwi kwa mizani moja. Mwili ukimbiao husifiwa kuwa ni kielelezo cha bidii na unyenyekevu, ilhali mwili uchezao hushutumiwa kwa maringo na utovu wa adabu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tofauti hiyo haina msingi katika fani, kwa kuwa miili yote miwili hufanya mazoezi, hupangwa na hutazamwa. Msingi wake umo katika suala la nani anayeishika kamera, na nani aliyeruhusiwa na jamii kujionyesha.

ISTILAHI NA HUKUMU ZILIZOMO

Inafaa kwanza kuyatazama maneno yenyewe, kwani aghalabu hukumu ya jamii hutangulia kukaa katika msamiati kabla ya kutamkwa na mzee au mhubiri. Kiswahili kina maneno mengi ya kueleza kitendo cha mtu kujionyesha: maringo, mikogo, mbwembwe, majivuno, kujinaki, kujishaua, kujigamba, kujitapa. Mengi ya hayo yamebeba lawama. Neno madaha peke yake lina pande mbili, kwa kuwa mwendo wa madaha huweza kusifiwa katika ushairi wa mapenzi na huweza vilevile kulaumiwa barazani. Kujiamini, kwa upande mwingine, ni neno ambalo siku hizi husikika zaidi shuleni, katika usaili wa kazi na katika taarifa za michezo, nalo karibu daima ni la sifa. Mwanariadha husemwa kuwa anajiamini. Mchezaji wa video husemwa kuwa anaringa. Pengine uso, kidevu kilichoinuliwa na mabega yaliyonyooshwa ni yale yale.

Neno pozi nalo linastahili kuangaliwa. Limeingia kutoka Kiingereza, na watumiaji wa Kiswahili wameliambatanisha na kitenzi kupiga. Mkao huelekeza fikra kwenye mwili uliotulia; pozi hupigwa, kama picha ipigwavyo na kama ngoma ipigwavyo. Hivyo basi, lugha imekwisha kutambua kwamba pozi ni tendo, wala si hali tu. Katika video fupi vitatu hivyo, yaani ngoma, picha na pozi, hupigwa kwa wakati mmoja.

Jambo la tatu ni mzizi -chez-. Mkimbiaji wa Kaptagat huitwa mwanamichezo, na msichana aliye mbele ya simu huitwa mcheza ngoma. Mzizi ni mmoja, lakini viambishi na mazoea vimewatenga: mmoja amepewa heshima ya kazi na mwingine amebakishiwa maana ya upuuzi, kama vile mtoto aambiwapo aache mchezo.

MIZIZI YA KIHISTORIA

Si mara ya kwanza kwa vijana wa Afrika Mashariki kulaumiwa kwa mapozi. Ngoma ya beni, iliyochipuka katika pwani ya Kenya katika miaka ya 1890 na kuenea hadi Tanganyika, ilikuwa ngoma ya mavazi rasmi, vyeo, gwaride na mashindano baina ya pande mbili. Wamisionari, maofisa wa kikoloni na baadhi ya wazee waliilaani; wengine waliiona kuwa uigaji mtupu wa askari wa Kizungu. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya ngoma hiyo, alionyesha kwamba uigaji huo ulikuwa na shughuli nzito ndani yake: kusaidiana, kushindania heshima na kuyasemea mabadiliko ambayo wachezaji walikuwa wakiyapitia. Funzo lililomo kwa mhakiki wa leo ni kwamba chombo cha kuazima hakiondoi uzito wa kazi inayofanywa nacho.

Mfano wa pili unatoka kwa wasemaji wa Kikalenjin wenyewe, nao uko karibu zaidi na mada. Mwaka 1950 Hugh Tracey alifika Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis, akarekodi nyimbo zilizoitwa Chemirocha. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye sahani zake za santuri zilikuwa zimefika vijijini humo. Katika rekodi iliyopata umaarufu zaidi, wasichana wanamwalika kiumbe huyo wa mbali aje acheze. Sauti ya ugenini ilikuwa imeingia kwa mashine, nao wakaijibu kwa ngoma yao wenyewe. Kufikia hapo kisa hiki kinafanana sana na cha kijana wa Kaptagat anayecheza wimbo uliotoka Lagos, Johannesburg au Nairobi.

Tofauti inaanza katika umiliki. Rekodi zile zilihifadhiwa Afrika Kusini, katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika iliyoasisiwa na Tracey mwaka 1954. Katika kumbukumbu zake, msichana mmoja ametajwa kwa jina na wenzake wameandikwa kuwa ni wasichana wa Kipsigis tu. Rekodi hizo zilirudishwa kijijini mwaka 2015, yaani miaka 65 baadaye. Wasichana wale walinaswa, lakini hawakuwa na njia ya kujisikia, kujisahihisha wala kujikataa. Mchezaji wa leo hujitazama kabla mtu mwingine hajamtazama, na asiporidhika hufuta na kuanza upya. Katika historia ya kurekodiwa kwa ngoma za Waafrika, mabadiliko hayo si madogo.

FANI YA VIDEO FUPI

Tukiichukua video hii kama utanzu wa fasihi simulizi, jambo ambalo nadharia ya utendaji inaturuhusu kulifanya, tunaona sifa tatu zinazoipambanua.

Kwanza ni macho. Katika ngoma ya uwanjani mchezaji huwaelekea wenzake, na hadhira humzunguka. Katika video fupi duara limevunjwa na kuwa mstari mmoja kutoka jicho la mchezaji hadi kioo cha simu. Kioo hicho ni hadhira na ni kiooni papo hapo, maana mchezaji anajiona anapocheza. John Berger, katika uhakiki wake wa mwaka 1972 juu ya uchoraji wa Ulaya, alidai kwamba mwanamke huzoezwa kujitazama akitazamwa. Dai hilo linatusaidia, lakini halitoshi. Mwanamke wa katika mchoro ule hakushika brashi. Msichana wa Kaptagat ndiye anayebonyeza kitufe, anayechagua pembe na anayeamua ni jaribio lipi litakaloonekana. Anatazamwa, naam, lakini ameingia pia katika kazi ya mtungaji.

Pili ni muda na mzunguko. Ufupi wa video haumpi fanani nafasi ya kupasha mwili moto wala ya kuivuta hadhira taratibu. Lazima kilele kiwe mwanzoni. Aidha, video inapokwisha hurudia yenyewe, na mchezaji stadi hulijua hilo, hivyo huufunga mwendo wake wa mwisho kwa namna ya kuuelekeza kwenye ule wa kwanza. Ufundi huu unakaribiana na ule wa kibwagizo, isipokuwa kwamba kinachorudi hapa ni mwili, si maneno.

Tatu ni majibizano. Wapo wanaodhani kwamba utanzu huu umeua hadhira. La hasha, umeichelewesha tu. Maoni yanayoandikwa chini ya video, na video zinazotengenezwa ili kuijibu video nyingine, hufanya kazi ya waitikiaji na ya wapinzani katika malumbano. Lakini kuchelewa huko kuna gharama. Mchezaji wa uwanjani akikosea huokolewa na kofi au kigelegele papo hapo, na mzomeaji huonekana uso wake. Katika video, mchezaji hupokea hukumu akiwa peke yake, pengine usiku wa manane, kutoka kwa mtu asiyemjua.

Kwa sifa hizo zote, kule kujiamini tunakokuona si tabia tu ya mchezaji. Ni fani iliyotengenezwa. Nyuma ya nukta 15 za uso usiotetereka kuna majaribio mengi yaliyofutwa, vicheko, miguu iliyoteleza kwenye matope na rafiki aliyehesabu pigo. Mkimbiaji naye huonekana mwepesi siku ya mashindano kwa sababu ya kilomita ambazo hakuna aliyezirekodi.

HUKUMU YA JAMII

Mtetezi wa mizani miwili huweza kusema kwamba mkimbiaji hakimbii ili atazamwe. Anakimbia ili ashinde, na kamera humfuata tu. Hoja hiyo ina nguvu kuhusu mashindano ya kawaida. Haina nguvu kuhusu matukio mawili ambayo yaliwapa wakimbiaji wa Kaptagat sifa kubwa. Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, Kipchoge alimaliza mbio za marathoni kwa saa 1:59:40. Siku ilichaguliwa kwa kuangalia hali ya hewa, wasindikizaji 41 walipangwa kwa zamu ili kumkinga upepo, na muda huo haukuingizwa katika orodha ya rekodi rasmi. Tarehe 26 Juni 2025, mjini Paris, Kipyegon alikimbia maili moja kwa dakika 4 na nukta 6 hivi katika jaribio la kushuka chini ya dakika nne, akiwa amevaa vazi lililobuniwa mahsusi kwa ajili ya siku hiyo. Katika matukio yote mawili hapakuwa na mpinzani wa kushindwa. Zilikuwa mbio za kutendwa mbele ya kamera ili ulimwengu uone jambo linalowezekana kwa mwili wa binadamu. Hakuna aliyesema kwamba ni maringo, na ni haki kwamba hakuna aliyesema.

Hata unyenyekevu wa kambini, unaojulikana kote kwa habari za bingwa anayeshiriki kufagia na kusafisha vyoo, umefika kwetu kupitia kamera. Haisemwi hapa kwamba bingwa huyo anaigiza; kazi hizo ni utaratibu wa kweli wa kambi. Linalosemwa ni kwamba unyenyekevu ukishachaguliwa, ukapigwa picha na kutangazwa, umekwisha kuwa pozi miongoni mwa mapozi. Nalo ni pozi linalowapendeza watazamaji wa mbali, ambao wangependa kumwona Mwafrika mwenye kipaji akiwa mkimya, maskini wa roho na karibu na udongo.

Mchezaji wa video hakupewa fadhila hiyo. Mwaka 2020 Azziad Nasenya alijulikana Kenya nzima kwa video fupi aliyoucheza wimbo wa Femi One na Mejja uitwao "Utawezana". Sifa na matusi vilimfikia pamoja. Mwaka 2022 alipoteuliwa katika kamati ya mpango wa serikali wa Talanta Hela, uliokusudiwa kukuza vipaji vya vijana, wengi waliuliza mcheza ngoma wa simuni anajua nini. Mwezi wa Agosti 2023 Bunge la Taifa lilipokea ombi la kutaka TikTok ipigwe marufuku kwa hoja ya maadili. Mwaka huo huo Sheria ya Fedha iliweka kodi ya asilimia 5 juu ya mapato yatokanayo na maudhui ya mitandaoni. Kwa hiyo dola ilikuwa imekwisha kukiri, kwa lugha ya kodi, kwamba hii ni kazi, wakati ambapo Bunge lilikuwa likiulizwa iwapo ni uovu.

Suala la jinsia haliepukiki. Kijana wa kiume anayecheza huitwa mchekeshaji. Msichana huulizwa baba yake yuko wapi. Lakini ingekuwa kosa kudhani kwamba mwanamke akikimbia badala ya kucheza amekingwa. Agnes Tirop, mshindi wa nishani ya shaba katika mbio za mita 10,000 katika mashindano ya dunia ya mwaka 2017 na 2019, aliuawa nyumbani kwake Iten mwezi wa Oktoba 2021. Na katika nyanda hizo mjadala mrefu ulifuata juu ya udhibiti wa wanaume juu ya fedha na maisha ya wanariadha wa kike. Mwili ukimbiao husifiwa hadharani na huweza kuangamizwa faraghani. Swali linalowakabili wanawake hao wote ni moja: je, mwili wake na kipato chake ni mali ya nani? Anayemlaumu mcheza video kwa ajili ya adabu pekee amelikwepa swali hilo.

KASORO ZA UTANZU

Kutetea utanzu si kuzifumbia macho kasoro zake, na kasoro ya kwanza ni ufanano. Mfumo wa mitandao hii humzawadia yule anayefanya lililokwisha kupendwa. Matokeo yake ni kwamba mchezaji wa Kaptagat aghalabu huzungusha viganja na kiuno kwa mpangilio ule ule utumikao Lagos na Los Angeles. Mtikiso wa mabega na shingo, ambao ni urithi wa ngoma za Wakalenjin, hujitokeza zaidi katika video za sherehe za koito, ambapo koo mbili hukutana kupatana mahari na nyimbo za Kikalenjin hupigwa. Huko mchezaji hachezi peke yake; wapo shangazi, mitungi ya mursik na wimbo ambao kila mtu anaujua. Kwa kipimo cha fani, video hizo ndizo bora zaidi, kwa sababu mwili unasema mahali ulipo. Katika nyingi za zile nyingine msitu umekuwa pazia tu la nyuma.

Hata hivyo, tusiugeuze uasili kuwa amri. Kili Paul wa Tanzania, anayejulikana kwa kuziigiza na kuzicheza nyimbo za filamu za Kihindi akiwa amevaa shuka za Kimaasai, alipata sifa India kiasi cha kutajwa na Waziri Mkuu Narendra Modi mwezi wa Februari 2022. Mvuto wake unatokana na mgongano baina ya vazi na wimbo. Kwa upande mmoja ni ufundi halisi wa kuunganisha mbali na karibu, kama ulivyokuwa wa wasichana wa Chemirocha. Kwa upande mwingine, mtazamaji wa mbali hupata anachokitarajia, yaani Mmaasai wa kijijini. Mchezaji anayelazimika kuvaa uasili ili atazamwe amefungwa sawa na yule anayelazimika kuuvua.

Kasoro ya pili ni ya kiuchumi na si ya mchezaji. Amemiliki simu na kitufe, lakini hamiliki jukwaa. Kampuni iliyo mbali ndiyo iamuayo nani aonekane, na akaunti ikifungwa kazi ya miaka mitatu hupotea bila ya kuacha nakala. Kwa maana hiyo uhuru uliosifiwa hapo juu una mpaka: mchezaji ameikomboa picha kutoka mkononi mwa mrekodi mgeni, kisha ameiweka katika ghala la mgeni mwingine.

HITIMISHO

Imejaribiwa kuonyeshwa kwamba video fupi za ngoma na mapozi ni utanzu wenye kanuni zake, wenye nasaba inayofika kwenye beni na Chemirocha, na wenye kustahili kuhakikiwa kwa vigezo vya sanaa kabla ya kuhukumiwa kwa vigezo vya adabu. Imeonekana pia kwamba pongezi apewazo mkimbiaji na lawama apewayo mchezaji haziwezi kuelezwa kwa tofauti ya bidii wala ya unyoofu.

Kwa idara za lugha za Kiafrika jambo hili ni la kazi. Vyuo vyetu vimekusanya ngano, methali na nyimbo za wazee kwa kanda, aghalabu kwa kuchelewa. Video hizi nazo zinafaa kukusanywa na kuhifadhiwa mapema, pamoja na maneno ya Kikalenjin, Kiswahili na Sheng yaliyoandikwa juu yake na majibizano yaliyo chini yake. Lakini mkusanyaji aombe idhini, aandike jina la kila mchezaji anayependa kutajwa, na amwache aondoe kazi yake siku atakapotaka. Wasichana wa Kapkatet hawakuulizwa hayo mwaka 1950. Wale wa Kaptagat wanaweza kuulizwa, nao wapo barabarani kila alasiri.